Sayari Niliyompa Régine

Jumatatu, 14 Oktoba 1957

...na bado nasema zawadi yangu ni kubwa kuliko kinga ya Adalbert, baiskeli yake ile, hata kama ina taa mbele, kengele na tairi mpya. Kinga inashika kutu. Sayari haishiki kutu! Régine alikuwa bado anacheka tulipolala jana, na asubuhi hii, akipuliza mkaa, amecheka tena. Kicheko hicho! Hakuna mwanamke Katuba nzima mwenye kicheko kama hicho. Wengine wanacheka kama mabati yanayoezuliwa.

Niandike vizuri, maana wajukuu watasoma. Tangu Warusi warushe ule mpira wao unaozunguka dunia na kulia bip-bip redioni, mtaa mzima unatembea shingo juu. Wajinga. Wanatafuta mpira. Mimi natazama nyuma ya mpira, mbali. Nimesoma katika gazeti la misheni kwamba nyota ni majua, na kwamba wataalamu wengine wanadhani majua hayo nayo yana dunia zake, ambazo jicho la mtu halijapata kuziona. Basi. Kuna nyota moja hutokea mapema jioni juu ya paa la jirani yetu Bwalya. Nimeichagua hiyo. Dunia inayoizunguka nimeipa jina: Reginia. Nimempa mke wangu. Ndoa yetu bado inanukia sabuni ya arusi, na tayari ana sayari!

Régine ameuliza kama kule kuna maji. Nimemwambia kuna mito, baridi, safi, ya kunywa bila kuchemsha. Akauliza nani anachota. Nikamwambia mambo ya kuchota yabaki huku chini. Akauliza habari ya ugali: "Na bukari? Kule banatwanga mihogo namna gani?" Mpenzi wangu! Anauliza kama mtu anayekwenda sokoni. Nampenda hivyohivyo.

Lakini kuna wingu. Wazazi wake wameshuka kutoka Mitwaba na wamefikia kwa mjomba wake, barabara ya pili. Lori la kuwarudisha linaondoka wiki ijayo. Mama bukwe, yaani mama mkwe wangu, Mama Laurentine, anataka kuondoka na Régine. Eti akamsaidie kupanda. Kupanda tu! Kila mtu anajua kupanda kwa namna hiyo. Bibi arusi akienda kupanda, anabaki kupalilia. Akipalilia, anabaki kuvuna. Wakati wa kuvuna, mwanamume mwingine amekwisha kufika na mbuzi wake. Mama bukwe ameambiwa kwamba mume wa binti yake ni mtu wa mawingu. Ameambiwa na nani? Na Adalbert, aliyemtaka Régine kabla yangu, akakataliwa, na mpaka leo hajapona.

Baba bukwe, mzee Numbi, hajasema ndiyo wala hapana. Amesema kwanza ataona kwa macho yake mukwe wake ni mtu wa namna gani.

Vizuri sana. Ataona. Nina mpango.

Jumanne, 15 Oktoba

Kikao cha kamati ya Serkle. Serkle ni chumba kimoja chenye viti vya kukunja na picha ya Mfalme, ambamo makarani wa Katuba hukutana Jumapili kusikiliza hotuba na kukaguana tai. Nimeomba kuzungumza Jumapili hii: "Safari ya Kutembelea Dunia ya Mbali". Baba bukwe atakaa mbele, atasikia makofi, atajua binti yake yuko katika mikono ya mtu mkubwa. Lori litaondoka bila Régine. Ndio mpango wenyewe. Rahisi na mzuri!

Rais wetu, Edouard, ni mtu anayeomba ruhusa kabla ya kupiga chafya. Ameuliza kama dunia hiyo ni ya Warusi. Nikasema hapana. Akauliza kama basi ni ya Wabelgiji. Nikasema hajafika mtu. Hapo ndipo alipoogopa kweli. Nchi isiyo na mwenyewe, akasema, hiyo si siasa? Nimebishana naye mpaka koo likakauka. Mwishowe amekubali kwa masharti: nisitaje Warusi, nisiseme nani anatawala kule, na wakazi, kama wapo, niseme hawajabatizwa bado lakini wana moyo mzuri.

Adalbert alikuwepo. Mwezi uliopita alitoa hotuba juu ya nzi. Nzi! Alileta mmoja ndani ya chupa. Watu walipiga makofi, maana hapa Katuba wanapigia makofi kitu wanachokijua. Leo hakupinga hata neno moja. Alitabasamu, akajitolea kupanga viti na kualika wageni. Maskini. Anadhani kupanga viti ni cheo.

Nimerudi nyumbani nikimwimbia Régine njiani, peke yangu, kwa sauti. Mbwa wamenifuata.

Jumatano, 16 Oktoba

Aibu! Aibu ya wengine, si yangu.

Nimetoka kazini, nimekuta wanaume wamejipanga mbele ya mlango wangu. Wengine na mablanketi yamefungwa kwa kamba. Mmoja na sufuria kichwani. Nikauliza kuna msiba gani. Wakasema hapana, karani, tumekuja kujiandikisha. Adalbert ametangaza sokoni kwamba Liévin, karani wa bohari, anaandika watu wa kwenda kazi mbali, kwenye nchi mpya.

Nimepanda juu ya ngazi ya mlango na kuwaeleza kwa Kiswahili chepesi kwamba hii ni safari ya akili. Wakaitikia kwa kichwa, kisha mmoja akauliza posho ya kule ni unga wa mahindi au wa mihogo. Mwingine akauliza kama bibi anaruhusiwa kufuata au anabaki kwa wazazi. Jirani Bwalya, ambaye paa lake nimeliheshimu kwa kuweka nyota juu yake, akauliza kama kule kuna bomba la moshi la kiwanda. Nikasema hakuna moshi hata kidogo. Akakunja blanketi lake. "Kama bomba haiko, kazi haiko. Miye siende."

Nikataka kuwafukuza kwa sayansi. Nikawaambia ni mbali kiasi kwamba hata mwanga wenyewe, ambao hakuna kitu kinachoushinda mbio, unatumia miaka zaidi ya minne njiani. Yule wa sufuria akafikiri. Akasema miaka mine si mubaya, mkataba wake wa kwanza ulikuwa mitatu.

Watu gani hawa! Unawafungulia mbingu, wanauliza posho!

Régine amewapa wote maji ya kunywa na kuwarudisha makwao kwa maneno matamu. Kisha akaniambia polepole: "Ba Liévin, Jumapili usipande juu sana." Nimembusu paji la uso. Ni hofu ya mwanamke anayependa.

Alhamisi, 17 Oktoba

Baba bukwe amekuja. Amekaa kwenye kiti changu kizuri, amekunywa munkoyo wa Régine, ile togwa ya mahindi, na amekaa tena. Ni mtu wa reli. Ametandika reli maisha yake yote, na anaongea kama treni ya mizigo: polepole, na kwa vituo.

Amesikia habari za mablanketi. Nikadhani atacheka. Hakucheka. Akasema na yeye, kijana, akiwa kijijini, muzungu mmoja na mkalimani wake walifika wakasimulia nchi ya mbali. Nyumba za matofali. Nyama kila wiki. Taa zinazowaka bila mafuta. Njia ni ndefu, walisema, lakini kule kuzuri. Akaweka kidole gumba chake kwenye karatasi. Walitembea sana. Mdogo wake hakufika. "Na ile inchi," akasema, akigonga ukuta wangu kwa kidole, "njo hapa." Ndiyo hii tunayokaa.

Kisha akaniuliza: huko kwenye nyota yangu, aliyekwenda anaweza kurudi? Nikamwambia, baba, swali zuri sana, nitalijibu Jumapili. (Sitalijibu. Hotuba haina nafasi.) Nikamwahidi pia kwamba nyama ya kule itakuwa ya kweli. Aliinamia kikombe chake. Wazee hawawezi kufuata mawazo marefu.

Akiwa mlangoni akatupa bomu. Atakuja Jumapili, na Mama Laurentine atakuja naye. Adalbert amemwalika rasmi. Amemwekea kiti cha heshima, mbele kabisa.

Mbele kabisa! Mimi na mama bukwe wangu, ambaye sijaruhusiwa hata kukanyaga kivuli chake! Nikimwona kwenye njia naingia majanini. Akija nyumbani natoka kwa mlango wa nyuma. Kwetu mukwe mpya hatazamani macho na mama wa mke wake, wala hasemi naye, mpaka ukoo umemwingiza kwa mbuzi na kuku. Sisi bado. Tulioana haraka kwa sababu ya mapenzi. Na sasa nitasimama mbele yake nikisema saa nzima!

Adalbert anajua mila hizi zote. Ni mtu wa Mitwaba vilevile. Nyoka wa viti!

Lakini siwezi kumwambia mama asije. Nikimkataza, ataondoka na Régine kesho yake.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nimepata dawa. Pazia! Nitafunga kamba kati yangu na kiti cha mama bukwe na kutundika kitambaa. Atasikia, hataona. Nitasema, sitaona. Mila salama, sayansi salama. Ni mimi peke yangu Katuba ningeweza kufikiri hivyo.

Nimemweleza Régine. Alifurahi mpaka niliposema kitambaa gani. Shuka letu la arusi, lile lenye ndege walioshonwa na masista, ndilo pekee lenye upana wa kutosha. Régine akaweka mikono kiunoni. "Shuka ya kitanda? Mbele ya mama? Weye kichwa iko?" Akasema shuka lile alilileta mama yake mwenyewe. Akasema afadhali nitundike suruali.

Nimemtuliza. Nani anatambua shuka? Shuka ni shuka. Tena Jumapili asubuhi Régine atakuwa misa ya kwanza, na mimi nitaenda misa ya pili; shuka litatoka kitandani bila yeye kuona.

Leo jioni tumekaa uani tukitazama nyota juu ya paa la Bwalya. Ameegemeza kichwa begani kwangu. Akaniuliza kama kule Reginia mtu akilala anaota huku kwetu. Nilimshika mkono tu. Heri yangu! Heri yangu mara elfu!

Jumamosi, 19 Oktoba

Siku ya posho. Adalbert amepita na kinga yake mbele ya nyumba, mara moja kwenda na mara moja kurudi, akipiga kengele bila mtu njiani. Ameuliza kwa sauti tamu kama nimejiandaa. Nimejibu kwa sauti tamu zaidi kwamba nzi wake aliyekufa kwenye chupa anasubiri maua.

Nimefanya mazoezi mbele ya kuku wa Bwalya. Wamesikiliza vizuri kuliko kamati.

Jumapili, 20 Oktoba. Jioni.

Niandike kwa utaratibu.

Ukumbi ulijaa. Makarani, wake zao, wapika matofali, na wale wote wa mablanketi, ambao hawakuwa wamekata tamaa. Kamba ilikuwa imefungwa. Shuka lilikuwa limetundikwa, zuri, ndege wote wametazama upande wa watu. Mama bukwe akaingia akiwa amejifunika kitambaa kichwani, akaongozwa na Adalbert mwenye tai nyekundu, akakaa. Nikasikia kiti kinalia. Nikaanza.

Sikumaliza hata salamu. Nyuma ya pazia sauti ikasema, si kwangu, maana haruhusiwi kusema nami, bali kwa ukumbi wote: "Ile shuka niliwapa miye. Banalala mule. Mutoe!"

Ukumbi ukaanza kunong'ona, kisha mtu mmoja nyuma akacheka kama chura. Régine alijificha uso kwenye bega la shangazi yake. Na Adalbert, oh, Adalbert! Alitembea polepole, akafungua shuka, akalikunja mbele ya watu wote, kona kwa kona, ndege kwa ndege, kama afisa anayekunja bendera. Akamkabidhi Edouard. Edouard hakujua aliweke wapi. Akalikalia.

Pazia halipo. Mama bukwe mbele yangu, umbali wa mkono. Nifanye nini? Nikageuka. Nikawapa watu wote mgongo na kuhutubia ukuta na picha ya Mfalme.

Na ikafaa! Mwanzoni ilifaa. Mtu anayesema kwa heshima akiwapa watu mgongo, Katuba wanamjua mmoja tu: padri altareni. Nilipoinua mikono miwili kuonyesha upana wa anga, nikasikia magoti yanapiga sakafu nyuma yangu. Nilipovuta pumzi, mwimbaji mmoja wa kwaya akajibu kwa Kilatini. Niliposema Reginia iko mbali, wakasema amina.

Sijapata kusema vizuri hivyo maisha yangu yote. Nikawaambia wafumbe macho tuondoke. Tukapanda. Bomba la kiwanda likawa sindano, Élisabethville ikawa jiko la makaa, dunia ikawa tunda la bluu, kisha nukta, kisha hakuna. Giza refu. Baridi. Hakuna juu wala chini, wala jogoo wa kutuambia kumekucha. Halafu, mbele, jua lisilo letu! Tukatua. Mwili mwepesi, mtu akiruka anapita paa la nyumba na kushuka kama unyoya. Anga la rangi ya zambarau iliyoiva. Majua mawili, kwa hiyo kila mtu ana vivuli viwili, na wapenzi wakitembea pamoja wanakuwa na vivuli vinne vinavyoshikana mikono. Ukimya ambao sikio halijaujua. Ukisema jina la mtu unayempenda, ni neno la kwanza kusemwa pale tangu dunia ile iumbwe.

Hakuna aliyekohoa. Nilimsikia Régine akivuta pumzi. Nikajua nimeshinda. Na kwa kuwa wote walikuwa wamefumba macho, nikafikiri: sasa naweza kugeuka. Nataka kumwona mke wangu akiwa kwenye sayari yake.

Nikageuka.

Wote walikuwa wamefumba. Wote isipokuwa mmoja. Mama Laurentine alikuwa amekaa wima, kitambaa kimeshuka, macho wazi, yananitazama. Na mimi nikamtazama. Sikuweza kuacha, maana ni macho ya Régine! Yaleyale! Ukubwa uleule, upole uleule chini ya ukali! Na kabla sijajua, kinywa kikasema kwa sauti: "Mama, una macho ya mke wangu!"

Macho yote ya ukumbi yakafunguka.

Nikajaribu kuokoa. Nikasema haraka kwamba kule Reginia hakuna mambo ya bukwe, kule mukwe na mama wa mke wake wanatazamana wapendavyo na kula sahani moja.

Sitaandika kelele zilizofuata. Mama bukwe aliinuka, akajifunika, akatoka. Shangazi wote wakamfuata. Bwalya akaniambia kwa huruma kwamba hata kama bomba lingekuwapo, sasa asingekwenda. Edouard alitoa shuka chini yake na kunirudishia bila kunitazama. Adalbert alikuwa anapanga viti.

Jumatatu, 21 Oktoba

Baraza kwa mjomba wa Régine. Mimi nje, chini ya dirisha, maana mama bukwe alikuwa ndani. Wamesema saa nyingi. Nilisikia neno "mawingu" zaidi ya lilivyostahili.

Baba bukwe akatoka, akakaa nami kwenye gogo. Hakufoka. Afadhali angefoka. Akasema kosa ni kubwa lakini lina dawa. Mbuzi mmoja na kuku mweupe, nivilete kwa mikono yangu mwenyewe mpaka Mitwaba, nyumbani kwao, nikaingizwe kama mukwe mbele ya ukoo. Siku hiyo mukwe anakaa kwenye mkeka, kichwa chini, hasemi neno hata moja tangu mwanzo mpaka mwisho. Ndugu anamsemea. Nikinyamaza vizuri, narudi na mke wangu. Nikiharibu, Régine anabaki, na watu wengine wenye mbuzi wapo.

Hakutaja jina. Barabarani kengele ya kinga ikapita.

Nikamuuliza kama, kwa siri, yeye mwenyewe aliipenda hotuba. Akasema alifumba macho, akamwona mdogo wake. Akasema mdogo wake alikuwa ameketi pale, chini ya yale majua mawili, amevua viatu. Kisha akainuka na kurudi ndani.

Basi ni wazi. Aliipenda!

Jumanne, 22 Oktoba

Lori limeondoka.

Régine juu ya magunia ya chumvi, kati ya mama yake na debe la mafuta. Mimi nyuma ya nguzo, kwa ajili ya mila. Alishuka dakika ya mwisho, akasema amesahau kitu, akaja nyuma ya nguzo. Akanishika kola ya shati kwa mikono miwili. Alikuwa analia na kucheka pamoja, kitu ambacho yeye tu anakiweza. Akaniambia nimsikilize, mara hii tu nimsikilize. Nilete mbuzi. Nilete kuku. Nikae kwenye mkeka. "Unyamaze, ba Liévin. Kunyamaza tu. Halafu unanirudisha kwetu." Kwetu! Alimaanisha hapa. Chumba chetu, mkaa wetu, ukuta wetu!

Akauliza ile nyota, kule Mitwaba, itakuwa juu ya paa la nani. Nikamwambia juu ya paa lolote alilo chini yake.

Dereva akapiga honi. Vumbi. Nimerudi kwa miguu. Nimekoroga bukari mwenyewe. Imekuwa saruji.

Alhamisi, 24 Oktoba

Nimefikiri kwa utulivu, bila hasira, na nimeona makosa yalikuwa ya nani. Ya Adalbert, kwa hila. Ya Edouard, kwa woga. Ya masista, kwa kushona ndege wanaotambulika. Na kusema kweli, ya mama bukwe pia: nilisema wazi wafumbe macho, naye hakufumba. Yangu nimeyatafuta. Sijayaona.

Mambo yanakwenda vizuri ajabu! Ruhusa ya kazi nimepata. Mbuzi nimempata, dume, ana dharau usoni kama mkaguzi. Kuku mweupe hakuna soko zima, lakini nimepata wa kijivu, mnene, na nitampaka unga asubuhi ya sherehe. Nani atamkwangua kuku?

Na leo mchana, dukani kwa Mgiriki, nimeona kitu kilichonifanya nisimame katikati ya mlango. Miwani myeusi! Ile ya marubani! Mila inakataza macho ya mukwe kukutana na macho ya mama bukwe. Lakini nyuma ya kioo cheusi, nani anajua macho ya mukwe yako wapi? Nimeinunua papo hapo. Nimejitazama kwenye kioo. Kama waziri!

Inabaki habari ya kunyamaza. Nimeitafakari kwa heshima zote. Wazee wanasema mukwe akae kimya. Sawa, mukwe wa kawaida, asiye na la kusema, akae kimya. Lakini fikiria: ukoo mzima wa Mitwaba umekusanyika. Wote wamekaa chini. Wote wametulia. Hakuna anayeruhusiwa kuondoka mpaka mbuzi aive! Ukumbi wa namna hiyo Adalbert hataupata mpaka afe. Na Régine atakuwa pale, akisikiliza. Aliniomba ninyamaze kwa sababu anaogopa. Akisikia hotuba mpya, iliyo ndefu mara mbili, atasahau woga wake.

Nimempelekea salamu kwa dereva wa lori la kesho. Amwambie afagie uwanja, atandike mikeka mingi, aite hata watu wa vijiji vya ng'ambo ya mto. Asiwe na wasiwasi wowote. Mume wake yuko njiani na mbuzi, kuku na miwani, na atafika Mitwaba kabla mwezi huu haujaisha.